Notisi ya Njoroge na Lori Lililopanda Kinyumenyume

Nililisikia kabla sijaliona. Karani wa shamba alikuwa ameniagiza nikangoje juu ya mlima, pale barabara ya Lumbwa inapoanza kushuka bondeni, na asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeifunika chai kama blanketi lililotandikwa na mtu mvivu. Kutoka chini kulikuja mlio mwembamba, wa puani, wa kulalamika, kama mtu anayesaga meno na kuimba kwa wakati mmoja. Ulipanda polepole. Nilivuta shati langu likae sawa, maana nilitaka dereva anione mtu wa maana. Kisha ukungu ukapasuka, na kitu cha kwanza nilichokiona cha kazi yangu ya miaka thelathini kikawa makalio ya lori.

Lilikuwa linapanda kinyumenyume. Magunia ya unga wa posho yalinipita kwanza, kikafuata kibanda cha mbao, halafu mtu mwenye kofia ya sufu aliyegeuza shingo kama bundi. Mwisho zilikuja taa mbili za mbele, zikinitazama kwa haya.

"Wewe ndiye Zakayo wa boila ya kiwanda?" akauliza mwenye kofia.

"Ndimi."

"Panda. Na ukishapanda usiuguse huo mlango. Nitaufunga mwenyewe."

Akashuka, akazunguka, akafanya kitu nje ambacho sikukiona, na mlango ukafungika. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini.

Ninyi madereva vijana mlioninunulia kiti cha kupumzikia wiki iliyopita mliniuliza jambo moja, tena kwa kelele, kwa sababu wawili kati yenu mnataka kwenda kuendesha mabasi: je, dereva atoe notisi kabla ya kuacha kazi, au aweke ufunguo juu ya kiti na aende zake? Sikuwajibu pale. Mdomo ulikuwa umejaa keki. Najibu sasa, na nitajibu kwa habari za Njoroge, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha na pia namna ya kuondoka.

Siku hizo shamba letu lilikuwa na lori moja la kwenda mbali. Majani mabichi yalifika kiwandani kwa mikokoteni ya ng'ombe. Chai iliyokauka, ndani ya masanduku yake ya mbao, ilipelekwa stesheni ya Lumbwa na lori hilo tu. Watu waliliita Mama Mkwe. Tulikuwa tumetoka kila upande, sisi wa ziwani, wao wa kutoka mlima Kenya, na Wakipsigis wenye nchi, na hatukukubaliana hata namna ya kupika mboga, lakini wote tulijua kwamba mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Lori lililopanda mlima likiwa limekupa mgongo halingeweza kuitwa jina jingine.

Kwa mwaka wa kwanza mzima na zaidi sikujifunza kuendesha. Nilijifunza kutembea. Kila tulipofika mahali pagumu Njoroge alisema, "Zakayo, shuka utangulie, uangalie mawe." Nilitangulia. Nilipogeuka nilikuta amekwisha fanya alilotaka kufanya, na lori linakuja. Nadhani nusu ya barabara ya Lumbwa niliipima kwa nyayo. Vitu vilivyoonekana nilivijua: minyororo ya magurudumu kwa ajili ya matope, mbao mbili za kuvukia mitaro, debe la maji, kipande cha sabuni cha kuzibia tangi la petroli linapovuja, na hendeli ya kuwashia, ambayo iliwahi kuvunja mkono wa fundi mmoja na tangu hapo ilisalimiwa kwa adabu. Lakini kitu kimoja kilinishinda. Siku nyingine tulipanda ule mlima kwa uso, kama watu wengine. Siku nyingine, barabara ileile, mzigo uleule, Njoroge aliligeuza lori bondeni mbele ya nyumba ya bibi mmoja na kupanda kwa mgongo. Sikuweza kujua ni kwa nini.

"Baba Kamau," nilimwuliza, "unajuaje ni siku gani?"

"Ananiambia mwenyewe."

"Mbona mimi haniambii?"

"Wewe bado hujatoa mahari."

Bibi wa bondeni tulimwita Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Aliketi nje ya nyumba akisafisha vibuyu vyake vya maziwa, na kila tulipogeuza lori alisogeza kigoda chake kidogo, si kwa woga, bali kwa heshima, kama mtu anayempisha mgeni wa ukweni.

Mwenye shamba hakujua haya. Au alisikia, akayakataza. Tulimwita Bwana Baadaye, kwa sababu kila ombi alilijibu kwa neno hilo. Alipoambiwa kwamba lori lake hupanda kinyumenyume alimwita Njoroge akamwambia, "Gari iko na uso. Gari itakwenda na uso." Njoroge akasema ndiyo Bwana, na akaendelea kama zamani, kwa kuwa Bwana hupita barabara ile kwa gari lake dogo, tena wakati wa kiangazi.

Kabla yangu walijaribiwa madereva watatu. Wote walitii, wakapanda kwa uso, lori likafa katikati ya mlima, na posho ikanyeshewa. Njoroge angeweza kuwaambia siri. Hakuwaambia. Alikuwa ameona dereva mzuri akifukuzwa asubuhi moja kwa sababu tu amepatikana mwingine, basi akaapa kwamba yeye hatapatiwa mwingine. Alikaa juu ya siri yake kama kuku juu ya mayai. Bwana Baadaye akaanza kuamini kwamba lori lile linamtii mtu mmoja duniani.

Hapo ndipo Njoroge alipojifunga mwenyewe. Mwaka wa pili wa kukaa kwangu ilikuja barua kutoka kwao: mwanawe wa kwanza, Kamau, angetahiriwa baada ya mavuno, na baba atakiwa awepo. Njoroge hakuwa amefika nyumbani kwa miaka minne. Alivaa koti, akaenda ofisini, nami nikasimama nje ya dirisha nikijifanya kuchunguza gurudumu.

"Bwana, natoa notisi. Mwezi mmoja. Nataka kwenda nyumbani."

"Baadaye. Wewe ngoja majani kwisha."

"Majani ya chai, Bwana?"

"Ndiyo. Majani kwisha, wewe kwenda."

Njoroge alitoka akiwa ameshika kofia. Tulitazama pamoja vilima vile. Kwao mavuno yana mwisho: mtama unakatwa, shamba linabaki tupu, watu wanaanza sherehe. Huku kwetu jani likichumwa leo, wiki ijayo lingine limesimama mahali pake, jororo, linang'aa kwa umande kana kwamba hakuna kilichotokea. Chai haiishi. Mtu aliyeambiwa angoje majani yaishe ameambiwa azeeke.

Mwezi uliofuata alitoa notisi tena. Safari hii Bwana alisema ukweli: "Nani ataendesha? Hapana mtu. Wewe peke yako naweza."

Vijana, msidhani angeondoka tu. Kila mmoja wetu alivaa shingoni mkebe wa bati, na ndani ya mkebe mna kipande, karatasi yenye alama za vidole na jina la tajiri wako. Tajiri asipotia sahihi kwamba amekuachilia, wewe ni mtoro popote uendapo, na hakuna mwingine wa kukuandika kazi.

Jambo hilo tulilijadili stesheni ya Lumbwa, tukingoja behewa. Barasa, dereva wa shamba jirani, alikuwa amelala chali juu ya masanduku ya chai ya watu.

"Notisi ni ya nini?" akasema. "Bwana akichoka na mimi atanipa mwezi nijitayarishe? Atanionyesha barabara kabla uji wangu haujapoa. Basi na mimi nitamwonyesha vumbi."

"Ukimwonyesha vumbi, askari watakuonyesha pingu," akasema Njoroge.

"Watanishika wapi? Mimi ni mtu wa magurudumu."

"Magurudumu ni ya Bwana. Wewe una miguu."

"Na wewe umetoa notisi mara mbili. Uko wapi? Uko hapa na mimi."

Barasa alikuwa amemgonga Njoroge pale penye kidonda.

Siku chache baadaye Barasa aliliacha lori la shamba lao mbele ya duka mjini Kericho, injini inanguruma, akamwambia mwenye duka anakwenda kutafuta kibiriti. Hakurudi. Alirudishwa baada ya wiki tano, kwa miguu, katikati ya askari wawili, akapewa shoka akate kuni za kiwanda. Tulipompita barabarani, Njoroge alipunguza mwendo.

"Barasa, umepata kibiriti?"

"Nimepata," akasema, bila kuinua macho, "lakini kuni ni mbichi."

Tulicheka sote watatu. Kisha Njoroge akaongeza mwendo, akahesabu majuma kwa vidole juu ya usukani. Mavuno ya kwao yalibakiza majuma matano.

"Zakayo," akasema, "leo usishuke kuangalia mawe."

Tulisimama bondeni, mbele ya nyumba ya Kogo. Akavua kofia. Ndani ya pindo la sufu akatoa kijiti chembamba cha mchai, kimelainika kama mfupa wa kuku, kina mikato mitano. Akainua kiti. Tangi la petroli lilikuwa chini yake. Akakitumbukiza kijiti, akakitoa, akanionyesha mahali palipolowa.

"Petroli haisukumwi na mtu," akasema. "Inateremka yenyewe kwenda kwenye injini, kama maji ya mfereji. Ikipita mkato wa tatu, panda kwa uso. Ikiwa chini ya hapo, ukipanda kwa uso injini inakuwa juu ya tangi. Petroli itapandaje? Lori linakufa kwa kiu huku limebeba maji. Ligeuze, injini iwe chini, na yeye atakunywa."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

"Miaka minne umeficha hayo tu?"

"Siri kubwa huvuja," akasema. "Hii ilinienea kwenye kofia."

Tangu siku hiyo alifungua ghala lote. Alinionyesha daraja lenye ubao wa uongo upande wa kushoto, namna ya kusikiliza gia kwa wayo badala ya sikio, na mahali ambapo matope ya Aprili hubaki mpaka Julai yakijifanya ardhi. Alinifundisha kuweka magunia mazito karibu na kibanda, ili tunapopanda kwa mgongo yatulalie sisi badala ya kutuacha. Alifundisha kwa hasira, kama mtu anayelipa. Juma la tatu niliendesha mpaka Lumbwa na kurudi, yeye akiwa amelala, au amejifanya.

Akaenda ofisini mara ya tatu. "Bwana, natoa notisi. Zakayo anaweza."

Bwana Baadaye alinitazama kuanzia viatu. "Mimi takwenda na yeye Lumbwa. Mimi taona. Kama lori nakufa, wewe Njoroge nakaa hapa, na maneno ya notisi kwisha kabisa."

Hebu fikirini mtego ule. Kwenda hakukuwa na shida, tangi limejaa. Wakati wa kurudi nilisimamisha lori bondeni, nikasema natafuta chini ya kiti changu kitambaa cha kufutia taa, nikapima kwa siri kwa kijiti cha Njoroge. Mkato wa pili. Bwana ameketi pembeni yangu, amevaa soksi nyeupe za kufika magotini, na amri yake naijua: gari itakwenda na uso. Nikitii, lori litakufa, Njoroge habanduki. Nikiasi mbele ya macho yake, nitafukuzwa papo hapo, na Njoroge bado habanduki. Niliona Kogo akinitazama juu ya kibuyu chake. Ameshasogeza kigoda.

Basi nikazima injini, nikashuka, nikashika kofia kwa mikono miwili.

"Bwana, mimi bado mwanafunzi. Mlima huu naogopa kuuharibu. Ukinionyesha wewe mara moja, nitajua maisha yangu yote."

Hakuna Bwana aliyewahi kukataa kuombwa hivyo. Alisogea kwenye usukani. Nilizungusha hendeli, Mama Mkwe akaamka, na Bwana akaupanda mlima kwa uso, mgongo wake umenyooka kama mtu anayepigwa picha. Lori lilifika pale linapofika siku zote. Likakohoa. Likafa. Likarudi nyuma kwa heshima zake mpaka mbele ya nyumba ya Kogo. Nikazungusha hendeli. Akapanda tena, likafa tena. Mara ya tatu magurudumu yalizama kwenye mtaro, naye aliposhuka kutazama, soksi zikageuka za rangi ya kahawia.

Kogo aliacha kibuyu. Alinisalimu kwa lugha yake, kisha akazungumza na mimi kwa Kiswahili, ili Bwana asikose kitu.

"Chamgei, mwanangu. Leo kwa nini mnapanda kwa uso? Huyu mzee hajafundishwa adabu ya wakwe?"

"Ni mgeni, Kogo."

"Basi mwambie ampe mgongo. Njoroge humpa mgongo, na hajawahi kulala njiani."

Sikio moja la Bwana liligeuka jekundu, kisha la pili likafuata. Halafu akasema anataka kunyoosha miguu, akaanza kuupanda mlima peke yake, kwa haraka, bila kugeuka hata mara moja. Niliweka mbao chini ya magurudumu, nikalitoa lori mtaroni, nikaligeuza, nikapanda nalo kinyumenyume, taratibu, kwa mlio uleule wa puani nilioupokea siku ya kwanza. Juu nilimkuta amesimama akitazama upande mwingine wa bonde kana kwamba anahesabu miti.

"Mimi hapana ona kitu," akasema alipopanda.

"Ndiyo, Bwana."

Tulikwenda maili moja hivi.

"Nani najua hii maneno ya leo?"

"Mimi, Bwana, na mimi mdomo wangu ni mzito. Kogo, lakini yeye hafiki kwa wazungu. Na Njoroge, kwa sababu akiniuliza sitaweza kumdanganya. Huyo ndiye msemaji. Jikoni kwa wazungu wote anakaribishwa sana."

Akajaribu kufuta tope kwenye soksi.

"Njoroge nataka kwenda lini?"

"Siku Bwana atakapotia sahihi."

"Leo," akasema Bwana Baadaye, na nadhani hilo neno lilimkwaruza koo, maana hakulizoea.

Sasa jibu langu kwenu. Barasa alikuwa na haki nusu. Notisi inayodaiwa kwa dereva peke yake, na tajiri hadaiwi, ni kamba yenye ncha moja, na sitawalaumu mkiikunjia uso. Lakini tazameni Njoroge alitoa notisi mara tatu, na ni ya mwisho tu iliyofanya kazi. Mbili za kwanza alimpa Bwana maneno. Ya tatu alinipa mimi lori. Kwa hiyo notisi mtoe, ila msidhani mnampa tajiri. Mnampa yule atakayeketi kwenye kiti kingali na joto lenu, kwenye mlima mnaoujua ninyi na yeye haujui. Mwambieni daraja lipi linadanganya. Mpeni kijiti. Ukiondoka na siri zote, kuna mtu atanyeshewa, na huyo hatakuwa Bwana.

Nimesema siri zote. Moja mnaweza kubaki nayo. Mimi nimebaki nayo, na yule aliyechukua lori langu ataigundua kwenye baridi ya Julai, na atanitukana, na hivyo atanikumbuka.

Hili nililipata kwa Njoroge mwenyewe, asubuhi nilipompeleka kupanda treni. Alikuwa amevaa koti, mkebe shingoni, na ndani yake sahihi ya Bwana ambayo wino wake aliupuliza njia nzima ingawa ulikauka tangu jana. Juu ya magoti ameshika sanduku la chai tupu lenye nguo mpya za Kamau. Mavuno ya kwao yalibakiza siku tisa. Tulipita mlima, tulipita Kogo aliyempungia kibuyu, na mpaka Lumbwa aliendelea kunikumbusha habari za sabuni, za minyororo, za ubao wa kushoto.

"Umeniambia yote?" nikamwuliza lori liliposimama.

"Yote."

"Na mlango?"

Kwa maana mlango ule wa pembeni haukuwahi kufungika mikononi mwangu. Niliuinua, niliusukuma kwa nyonga, niliusema vibaya kwa lugha tatu. Kila safari niliyokuwa peke yangu niliufunga kwa kamba ya katani.

Njoroge alitabasamu mpaka masikioni. "Mlango gani?" akasema.

Akashuka na sanduku lake. Akasimama nje, mahali ambapo sikuweza kuona mikono yake, akafanya kile alichokuwa akifanya, na mlango ukafungika nyuma yake, kwa jaribio la kwanza, polepole.